Karibu na Bandari Si Ndani ya Chombo

Somo: Marko 12:28–34



Katika somo hili twamwona mwandishi mmoja, mtu mwenye elimu ya torati, aliyemwuliza Bwana Yesu swali jema, naye akajibu kwa akili. Bwana hakumlaumu, bali alimwambia kwamba hayuko mbali na ufalme wa Mungu. Hapo habari yake yakoma. Marko hatuelezi kama mtu yule aliingia. Miaka mingi tumelisoma neno lile kama sifa tu. Sasa twalisoma kwa hofu, na sababu yake tutawaeleza, ijapokuwa ni habari ya aibu yetu wenyewe.

Mzee mmoja, aliyekuwa mwinjilisti katika usharika wetu huku Usambara, aliugua kwa binti yake Unguja. Akatuma neno kwamba atamani kupokea Chakula cha Bwana kwa mkono wetu kabla ya kuiacha dunia. Tukaondoka kesho yake, sisi na wazee wawili wa kanisa. Katika njia ndefu hatukufanya uvivu. Tulitoka Lushoto alfajiri, tukashuka milima hata Mombo, tukasafiri zaidi ya kilomita 300, na jioni tukawa Dar es Salaam. Kijana wa jamaa yetu alikwisha kutununulia tikiti za chombo cha saa moja asubuhi, kwa fedha yake mwenyewe. Tukapata vyumba katika nyumba ya wageni Kariakoo, tukalala tukijiona watu wenye busara.

Tangu Kariakoo hata gati ya vyombo vya Unguja si mbali. Njia yake haizidi kilomita 3. Na ukaribu huo ndio uliotupoteza. Saa kumi na moja mzee mmoja alituamsha. Tukamjibu kwamba bandari i karibu, tupumzike kidogo. Kisha tukaingoja chai, kwa kuwa ilikwisha kulipiwa pamoja na vyumba, wala hatukupenda kuiacha. Kisha tukasimama barabarani tukibishana na dereva wa bajaji kwa ajili ya shilingi elfu moja. Mwisho tukapanda, tukamwambia, “Tupeleke Feri.”

Walakini huko Dar es Salaam ukisema Feri watu husikia Magogoni, penye soko la samaki, ambapo pantoni huvusha watu kwenda Kigamboni. Vyombo vya Unguja vina gati yake mbali na hapo, kuelekea Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu. Dereva hakutudanganya; alitupeleka pale pale tulipomwambia. Tulipolitambua kosa letu ilikuwa saa moja kasorobo. Tukarudi kwa haraka, na njia imejaa magari. Tukapita mbele ya kanisa letu la Azania Front, tukauona mnara wake, hatukuwa na nafasi hata ya kuomba. Tulipofika, lango lilikuwa limekwisha kufungwa. Tikiti tulikuwa nazo mkononi. Chombo tulikiona kwa macho, na kamba zake zikifunguliwa. Kati yetu na chombo palikuwa na hatua chache tu, lakini hazikutufaa kitu.

Tulivuka kwa chombo cha saa tatu u nusu. Tulipofika nyumbani kwa mgonjwa tuliwakuta watu wameketi nje kimya. Mzee wetu alifariki saa nne.

Binti yake hakutulaumu, na hilo lilituchoma zaidi kuliko lawama. Alisema, “Baba Mchungaji, baba aliwangoja tangu jana. Kila mlango ulipogongwa aliuliza kama ni ninyi. Asubuhi hii akaacha kuuliza. Akaniambia nimsomee habari za mateso ya Bwana, nami nikasoma. Kisha akasema, ‘Yeye amekwisha kufika.’ Hakusema neno jingine.”

Ndugu zetu, hatukuandika haya ili tuhurumiwe. Twaandika kwa kuwa katika habari hii twaona mambo matatu yaupasayo moyo wa kila Mkristo.

Kwanza, ukaribu huzaa usingizi. Aliye mbali ajua kwamba yu mbali, kwa hiyo hufunga mzigo akaondoka. Lakini sisi tuliobatizwa tungali wachanga, tunaojua katekisimo kwa moyo, tunaokaa mahali ambapo kengele ya kanisa husikika mpaka jikoni, twajiambia kwamba njia i fupi. Feliki naye alikuwa karibu. Alimsikiliza Paulo, akaingiwa na hofu, kisha akamwambia aende zake kwanza, mpaka atakapopata nafasi (Matendo 24). Miaka miwili Paulo alikaa kifunguoni pale, na Feliki alimwita mara nyingi kuzungumza naye. Lakini hatusomi kwamba alitubu.

Pili, haraka si njia. Tulikwenda mbio, lakini tulikwenda Magogoni. Neno hili twawaambia hasa ninyi walimu na wainjilisti. Sisi tulitamka neno lisilo wazi, tukapelekwa mahali pasipo petu. Basi, ukimfundisha mtu habari za dini, na za desturi njema, na za kanisa, bila kumtaja wazi Yesu Kristo aliyesulibiwa kwa ajili ya dhambi zake, waweza kumpeleka mbio sana mahali ambapo chombo chake hakipo. Naye hatalijua kosa mpaka saa imekwisha kupita.

Tatu, hatukukosa kwa ajili ya nauli. Ililipwa na mwingine, ikalipwa yote, kabla hatujafika mjini. Kadhalika hakuna mtu atakayepotea kwa kuwa damu ya Kristo haikutosha. Gharama imekwisha, na lango la neema li wazi leo. Kwa nini basi tungoje chai, au tushindane kwa shilingi elfu moja?

Lakini Mungu hakutuacha bila faraja. Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo kwamba wakati wake wa kufariki umefika (2 Tim. 4:6), alitumia neno la Kiyunani ambalo mabaharia walilitumia pia kwa kufungua kamba za chombo. Asubuhi ile sisi tulitazama kamba zikifunguliwa, nasi tumeachwa nchi kavu. Baada ya saa chache kamba za mzee wetu zilifunguliwa, naye alikuwa tayari. Mtumishi alichelewa, lakini Bwana hakuchelewa.

Pengine wewe usomaye unaye mgonjwa akungojaye, au ndugu mliyekosana naye, nawe wajua nyumba yake, nayo si mbali. Pengine ni Mwokozi mwenyewe, uliyemwambia mara nyingi, “Kesho.” Ondoka leo.

Tuombe. Ee Bwana Yesu, uliyetulipia yote, utusamehe kukawia kwetu. Utuondoe katika usingizi wa watu walio karibu, utuongoze katika njia iliyo yako, ututie ndani kabla lango halijafungwa. Amina.