Mtoto Akikabidhiwa kwa Mwalimu wa Kwaya

Mzazi anayemwandikisha mwanawe kwaya ya watoto, parokiani au usharikani, kwa kawaida huuliza habari za sare, nauli na siku za mazoezi. Ni haki yake kuyajua hayo. Lakini kuna swali zito zaidi ambalo huulizwa mara chache: huyu mwalimu atamlea mwanangu vipi? Maana atamlea, atake asitake. Kila Jumamosi alasiri, na tena Jumapili, mtoto atakuwa mbele ya subira yake, hasira yake na upendeleo wake. Aliyepokea sauti ya mtoto amempokea mtoto mzima, na makanisa yetu, ambayo kwaya nyingi zimo mikononi mwao, hayajalibeba jambo hili kwa uzito wake.

Hata chombo chetu cha kazi kilitokana na watoto. Zile herufi za solfa tunazoandika ubaoni, d, r, m, f, s, l, t, zilianzia kwa Sarah Glover, mwalimu wa Norwich nchini Uingereza, aliyetafuta njia ya kuwafundisha watoto kuimba. Mwaka 1841 walimu wa shule za Jumapili waliokutana mjini Hull walimwomba mchungaji kijana, John Curwen, awatafutie njia rahisi ya kufundishia uimbaji. Akaichukua mbinu ya Glover na kuiendeleza, na wamisionari wakaisambaza Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga Nkosi Sikelel' iAfrika mwaka 1897, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni ya Kimethodisti karibu na Johannesburg, tena kiongozi wa kwaya. Muziki wake ndio Watanzania tunaousimamia wima tunapoimba Mungu Ibariki Afrika. Wimbo wetu wa taifa umetoka mikononi mwa mtu aliyekuwa akishinda na watoto wa shule.

Nayakumbusha haya kwa sababu wapo walimu ambao leo huwachezea watoto wimbo kwenye simu mpaka waushike, basi, somo limekwisha. Wimbo unashikika, tena upesi. Lakini mtoto anatoka mikono mitupu, na wimbo unaofuata anauanza upya akiwa mtegemezi vilevile. Aliyefundishwa kusoma solfa ataingia kwaya yoyote, Bukoba au Mombasa, akabidhiwe karatasi, aimbe. Huo ni urithi, na mtoto ana haki ya kuudai.

Koo nalo lina haki yake. Watoto wakiambiwa "toeni sauti!" hupiga kelele, na kinanda kikifunguliwa kwa nguvu kwenye spika hushindana nacho. Nyuzi za sauti zao ni fupi na laini. Zikigonganishwa hivyo kila juma zinaweza kuota vinundu, na mtoto akabaki anakwaruza hata akiongea. Kwa hiyo mwalimu makini humsikiliza mtoto anaposalimia mlangoni, kabla hajamsikiliza akiimba. Anayekwaruza apumzishwe, na hali ikiendelea kwa wiki kadhaa mzazi aambiwe ampeleke kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kinanda kipunguzwe.

Mahali ninapoipimia kwaya ya watoto, hata hivyo, ni kwa mvulana wa miaka 13. Umri huo, wengine mapema zaidi na wengine baadaye, zoloto hukua, nyuzi za sauti hurefuka na kunenepa, na sauti hushuka kwa kadiri ya oktavu nzima. Haishuki kwa utaratibu. Leo ipo, kesho haipo, keshokutwa inakatika katikati ya neno. Sauti za wasichana nazo hubadilika, ila kwa kiasi kidogo, wala hakuna anayewacheka. Mvulana huchekwa, tena mara nyingi ni yuleyule aliyekuwa akipewa ubeti wa kuimba peke yake, aliyejulikana kanisa zima kwa sauti yake nyembamba.

Nililiona hilo katika mazoezi ya Kwaresima. Kijana alianza ubeti wake kama alivyozoea, akafika so ya juu, sauti ikapasuka. Wenzake wakaangua kicheko. Mwalimu, mama mtu mzima aliyewahi kufundisha shule ya msingi, hakugomba. Alipiga do kwenye kinanda, akamwambia kijana amfuate kwa mdomo uliofumbwa, kisha akashuka noti moja baada ya nyingine. Wale waliocheka wakajaribu kushuka naye, wakakwama njiani. "Haya, besi yetu inaanza kuota," akasema mama yule. Hapo hapo akachukua kalamu akaandika mstari mfupi wenye noti nne tu, zote za chini. Ndizo kijana alizoimba siku ya Pasaka, na ubeti wake wa zamani akaufundisha mwenyewe kwa mtoto wa miaka 9.

Kwaya nyingine humwambia kijana wa namna hiyo apumzike mpaka sauti itulie, na baada ya hapo hakuna anayekwenda kwao kumuulizia. Sauti hutulia, ila yeye harudi. Tunalaumu mpira, simu na vijiwe, na kila kimoja kina sehemu yake. Lakini sisi ndio tuliomfundisha kwamba tulichokitaka kwake ni ile sauti ya utotoni, na ilipoondoka hatukuwa na haja naye. Kumfundisha mtoto hivyo, katika umri ambao kila kitu mwilini mwake kinamtia wasiwasi, ni kosa la malezi hata kama siku ya sikukuu kwaya iliimba vizuri.

Mzazi naye ana lake. Nyumba nyingi, mtoto akishindwa hisabati, adhabu ya kwanza ni kufutiwa kwaya. Naelewa uchungu wa matokeo mabaya. Lakini sauti ya pili ikiwa na watoto sita, na wawili wafungiwe nyumbani wiki ya mwisho, wanaoadhibiwa ni wale wanne waliobaki. Mtoto anajifunza kwamba ahadi aliyowapa wenzake ni starehe inayoweza kufutwa na mtu mwingine. Kama ni lazima akose mazoezi, aende mwenyewe aseme: "Shikamoo mwalimu, Jumamosi sitafika, nimebaki nyumbani kusoma." Maneno machache, lakini huyasema kwa jina lake, mbele ya watu wanaomtegemea.

Yapo pia mambo ambayo watu huona haya kuyasema. Walimu wengi wa kwaya hujitolea, hawalipwi hata nauli, na ni vigumu kumhoji mtu anayejitolea. Tuhoji hata hivyo. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, Tanzania inamhesabu kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Kwa hiyo binti wa miaka 16 anayeimba na kwaya ya vijana au ya wakubwa bado ni mtoto, iwe katika mazoezi ya usiku kabla ya Krismasi, iwe katika safari za mikoani au studio wanakorekodi mpaka usiku wa manane. Asifundishwe peke yake ndani ya chumba kilichofungwa. Ujumbe wa simu upitie kwa mzazi. Safarini wawepo watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke. Video isitolewe kabla wazazi hawajaulizwa. Mwalimu mwema hatachukizwa na taratibu hizi, maana zinamlinda naye dhidi ya maneno ya watu.

Kwaya nyingi tayari zina mlezi. Mara nyingi huteuliwa mtu mwenye uwezo, ambaye huonekana siku ya uzinduzi wa albamu, akatoa ahadi ya kinanda au sare, akaondoka. Kwa kwaya ya watoto halmashauri iteue mtu wa namna nyingine, baba au mama mwenye nafasi ya kukaa mazoezini tangu mwanzo hadi mwisho, mwenye namba za simu za wazazi wote, anayejua nani anachukuliwa na nani, na anayekwenda kubisha hodi kwa mtoto aliyekosa Jumamosi mbili mfululizo. Kinanda tutakichangia mwaka mwingine. Mtu huyu anahitajika kabla mazoezi ya Krismasi hayajaanza.