WALIOLIPA KABLA YA KITABU

Zamani huko Uingereza mtu aliyetaka kitabu chake kipigwe chapa, naye hana fedha za kumlipa mpiga chapa, alikuwa na njia moja. Alitangaza habari za kitabu, akataja bei, akaomba watu wajiandikishe. Mwenye kujiandikisha alitoa fedha kwanza, pengine nusu ya bei, na nusu iliyosalia aliitoa siku ya kupokea nakala yake. Majina ya watu hao yalipigwa chapa ndani ya kitabu chenyewe. Hivyo ndivyo Alexander Pope alivyoutoa utenzi wa Homer kwa Kiingereza kuanzia mwaka 1715. Siku hizi fedha hupita kwa simu, lakini jambo ni lile lile: msomaji hulipia kitu ambacho bado hakipo.

Basi hapa pana swali. Mtu aliyelipia kitu kabla hakijawapo, ana haki gani juu yake kikishakuwapo? Nauliza juu ya vitabu, lakini mzazi yeyote ataona kwamba nauliza pia juu ya watoto.

Mfano ninaoupenda ni wa Olaudah Equiano. Kwa maelezo yake mwenyewe alizaliwa mwaka 1745 katika nchi ya Waigbo, akatekwa angali mtoto, akauzwa ng'ambo. Alibatizwa katika kanisa la Mtakatifu Margaret, Westminster, mwezi wa Februari 1759, naye bado ni mtumwa. (Jambo hilo peke yake latosha kutunyima usingizi sisi Waanglikana.) Baadaye bwana wake wa mwisho, Robert King, mfanyabiashara katika kisiwa cha Montserrat, alimwahidi kwamba akileta paundi 40 atamwacha huru. Equiano alianza na peni 3. Akanunua bilauri moja, akaiuza kwa peni 6, akanunua mbili. Alipozileta paundi zile mwaka 1766 King alisitasita, maana hakudhani zingepatikana upesi namna ile. Nahodha wa merikebu ndiye aliyemsihi atimize neno lake, naye akalitimiza.

Equiano alikuwa na miaka ipatayo 21. Mtu angetazamia kwamba angepanda merikebu ya kwanza kwenda London, maana huko ndiko moyo wake ulikokuwa. Hakwenda. Alibaki kufanya kazi kwa King yule yule, sasa kwa mshahara, kwa kuwa aliona haya kuwaacha yeye na nahodha waliomtendea wema. Tena huko Georgia watu weupe walijaribu kumteka, ingawa alikuwa mtu huru. Kijana hudhani kwamba siku atakapokuwa mtu mzima ataona wepesi. Kumbe ndipo anapoanza kuhesabu nani alimfanyia nini, na tena hakuna mtu wa kusimama mbele yake.

Mwaka 1789 Equiano alitoa kitabu cha maisha yake kwa njia ya kujiandikisha, kwa bei ya shilingi 7. Zaidi ya watu 300 walijiandikisha. Wa kwanza katika orodha ni Prince of Wales, mwana wa mfalme. Yumo John Wesley, yumo Josiah Wedgwood mwenye viwanda vya vyombo vya udongo, yumo pia Cugoano, Mwafrika mwenziwe aliyepata kuwa mtumwa kama yeye. Waandishi wengi siku zile waliwauzia wenye maduka ya vitabu haki yote, wakapewa fedha mara moja, basi. Equiano hakuiuza haki yake. Alizunguka Uingereza, Scotland na Ireland akiuza nakala mwenyewe, na kufikia mwaka 1794 kitabu kilikuwa kimetolewa mara 9.

Sasa, mwana wa mfalme alipata nini kwa shilingi zake? Alipata nakala, na jina lake katika orodha. Hakupata ruhusa ya kusema sura ya pili iandikwe hivi au vile. Naona hayo ni malipo ya haki, wala si madogo.

Lakini kwetu mara nyingi tunataka zaidi. Mimi nilichangiwa karo na watu wa mtaa wetu, na mtunza hazina aliwaandika wote katika daftari: huyu shilingi tano, huyu debe la mahindi, huyu kuku. Nilipomaliza masomo mzee mmoja aliyetoa shilingi kumi alinijia nyumbani akasema mimi ni mali ya mtaa, nisithubutu kufanya kazi mbali. Nilikasirika, nikaondoka bila kuwaaga watu. Mama mmoja mjane, yule wa debe la mahindi, alituma neno moja tu: nikipata nafasi nipite anione.

Niliudhika na mzee, nikamnyima mama yule. Hapo ndipo kosa langu lilipo, nami sijapata hoja ya kulisafisha. Mzee alidai kitabu chote kiwe chake, nami nilikuwa na haki kumkatalia. Mama alidai nakala yake. Wadhamini wetu wa ubatizo huahidi kwa niaba yetu tungali watoto wachanga, na siku ya Kipaimara twazichukua ahadi zile wenyewe. Lakini nani katika sisi, akiisha kuwekewa mikono na Askofu, hukumbuka kwenda nyumbani kwa mdhamini wake walau ajionyeshe? Nilipita baada ya miaka mitatu. Alikwisha zikwa.

Equiano alifariki mwaka 1797, miaka 10 kabla Bunge la Uingereza halijapiga marufuku biashara ya watumwa. Mkewe Susannah alikuwa ametangulia mwaka 1796. Binti yao mkubwa, Anna Maria, alifariki miezi michache baada ya baba, angali mtoto mdogo. Bamba lake lingalipo ukutani mwa kanisa la Mtakatifu Andrea, Chesterton, mjini Cambridge. Alisalia Joanna. Mwaka 1816 alitimiza miaka 21, akakabidhiwa urithi wake, paundi 950, ambazo kitabu kile kilizichangia. Siku aliyopewa utu uzima wake hapakuwa na baba, mama wala dada wa kumtazama akiupokea.

Mwaka juzi nilirudi mtaani kwetu nikaliuliza lile daftari. Mchwa walilila zamani, na mtunza hazina wa sasa hakujua habari zake. Nimeandika majina ninayoyakumbuka. Ni 11.