Wanangu Mlioko Ofisini, Itazameni Uskoti

Wanangu mnaoanza kazi katika halmashauri na wizara, lugha ndogo haiuawi na wanaoitukana peke yao. Hata karani mpole asiyeitumia ana mkono wake. Someni habari za Kigaeli cha Uskoti mtanielewa.

Sheria ya elimu ya 1872, iliyowapeleka watoto wote wa Uskoti shuleni, haikukitaja kabisa. Haikukipiga marufuku, ilikinyamazia tu. Mtoto wa visiwani akasomeshwa kwa Kiingereza, na wazazi wakaamini kwamba lugha yao mwisho wake ni jikoni na baharini. Kimya cha serikali ni kikali, wanangu, kwa sababu hakuna anayekishtaki.

Marekebisho yalichukua zaidi ya karne. Mwaka 1985 shule za msingi za Glasgow na Inverness zikaanza kufundisha kwa Kigaeli. Mwaka 2005 Bunge la Uskoti likapitisha sheria iliyounda Bòrd na Gàidhlig, baraza lenye mamlaka ya kuitaka taasisi ya umma iandae mpango wa lugha: vibao, barua, simu, mafunzo ya watumishi. Ndiyo maana magari ya polisi huko yameandikwa pia Poileas Alba. Mwaka 2025 sheria nyingine ikakifanya Kigaeli lugha rasmi.

Lakini nawasihi, msilewe vibao. Sensa ya 2022 ilihesabu watu wapatao 130,000 wenye ujuzi wowote wa Kigaeli, kutoka 87,000 hivi mwaka 2011. Habari njema, naifurahia kwa dhati. Ila katika Na h-Eileanan Siar, visiwa ambavyo ndivyo ngome yake, wanaokizungumza sasa hawafiki nusu ya wakazi. Lugha imepata wanafunzi mjini huku ikipoteza majirani kijijini.

Mzee wa kule akifika dirishani hutumia Kiingereza kwa adabu, asimsumbue mtumishi. Halafu ofisi huandika kwamba hakuna aliyeomba huduma kwa Kigaeli! Wa kuanza ni mtumishi. Amsalimu mzee kwa lugha yake kabla hajaombwa.

Ninyi wa Kenya, ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali ikuze na kulinda lugha za wananchi. Basi muuguzi wa Kwale ampokee mgonjwa kwa Kidigo, na tangazo la kazi liitaje lugha hiyo kuwa sifa inayolipwa. Bajeti ikiletwa mezani, daini kwanza mshahara wa mtu huyo. Rangi ya vibao itafuata.