Mwili, Nafsi na Mwelekeo wa Dhambi katika Mahubiri ya Eastlands

Mahubiri juu ya dhambi katika mitaa ya mashariki ya Nairobi, inayojulikana kwa jina la Eastlands, huanza na mwili na mara nyingi huishia papo hapo. Kuanzia Pumwani, Shauri Moyo na Kaloleni hadi Umoja, Dandora na Kayole, iwe ni katika kanisa la mawe au katika hema lenye vipaza sauti, muumini huonywa juu ya ulevi, uzinzi, mavazi na dansi, na huambiwa kwamba roho yake inataka mema ila mwili ndio unaoivuta chini. Maelezo hayo yana ukweli ndani yake, kwa kuwa kila anayejichunguza huona kwamba njaa, usingizi na matamanio havingoji ruhusa ya akili. Lakini yakisukumwa hadi mwisho wake huishia katika fundisho ambalo Kanisa la karne za kwanza lililikataa, yaani kwamba nafsi ni safi kwa asili na mwili ni jela yake.

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya pili, hakisemi kwamba Mungu aliiumba nafsi kwanza kisha akaitafutia makao. Kinasimulia mavumbi yaliyofinyangwa na pumzi iliyopulizwa, na kutokana na viwili hivyo mtu mmoja aliye hai. Wasabato, ambao walianza kazi yao nchini Kenya huko Gendia, kando ya Ziwa Victoria, mwaka 1906, hulishika simulizi hilo kwa ukali kuliko wengine: kwao mtu hana nafsi inayoweza kuishi nje ya mwili, na aliyekufa hulala bila fahamu mpaka siku ya ufufuo. Wakatoliki hufuata tamko la Mtaguso wa Vienne wa mwaka 1312, linalosema kuwa nafsi ni umbo la mwili. Neno umbo hapa halina maana ya sura ya nje, bali ni kile kinachoufanya mwili uwe mwili wa mtu hai badala ya lundo la nyama na mifupa. Wapentekoste wengi, kwa kuegemea salamu za Paulo mwishoni mwa waraka wa kwanza kwa Wathesalonike, humgawa mtu katika sehemu tatu, yaani roho, nafsi na mwili, na hufundisha kwamba mtu halisi ni roho. Mafundisho yote matatu husikika katika makanisa yanayopakana, na mgawanyo wa tatu ndio ulio mwepesi kukaririwa. Hatari yake ni kwamba muumini akishafundishwa kuwa yeye halisi ni roho tu, hakosi kuuona mwili wake kama mpangaji msumbufu asiye wa ukoo.

Paulo mwenyewe hamwungi mkono msomaji wa namna hiyo. Katika sura ya tano ya waraka kwa Wagalatia anataja matendo ya mwili, na orodha hiyo, pamoja na uasherati, ulevi na ulafi, ina uadui, ugomvi, wivu, hasira, fitina, faraka, uzushi na husuda, ambayo ni zaidi ya nusu ya yote anayoyataja. Husuda haihitaji kiungo chochote. Mtu aliyepooza kitandani aweza kuwa nayo tele. Ni dhahiri basi kwamba kwa Paulo mwili unaoshindana na Roho si ngozi na damu, bali ni mtu mzima, akili yake ikiwamo, anapoishi kana kwamba hana Mungu. Augustino wa Hippo (354–430), Mwafrika wa kaskazini ambaye katika ujana wake aliwafuata kwa takriban miaka tisa wafuasi wa Mani, waliofundisha kwamba maada ni kazi ya nguvu za giza, alilitetea jambo hilo katika kitabu cha kumi na nne cha Mji wa Mungu kwa hoja ambayo bado haijajibiwa: shetani hana mwili, halewi wala hazini, na hata hivyo amejaa kiburi na wivu. Kwa Augustino, si mwili unaoharibika uliomfanya mtu kuwa mwenye dhambi. Ni nafsi iliyotenda dhambi iliyouletea mwili uharibifu.

Kutokana na dhambi hiyo ya kwanza, mafundisho ya Magharibi hudai kwamba mtu huzaliwa na mwelekeo wa dhambi, ambao Wakatoliki huuita tamaa mbaya, yaani ule mvuto wa ndani unaotangulia uamuzi na kuufanya uovu uwe mwepesi kuliko wema. Wakristo hawakubaliani juu ya hadhi yake. Mtaguso wa Trento, mwaka 1546, ulifundisha kwamba mvuto huo hubaki ndani ya mtu hata baada ya ubatizo, kwamba umetoka katika dhambi na huelekeza kwenye dhambi, lakini wenyewe si dhambi mpaka utashi uukubali. Kanuni 39 za Kianglikana za mwaka 1571 husema kwamba nao una asili ya dhambi. Kwa hiyo Mkatoliki wa Holy Trinity kule Buruburu aliyevutwa na wazo baya akalikataa amefundishwa kwamba hana la kuungama, ilhali Mwanglikana wa St. Stephen's kwenye barabara ya Jogoo, akizifuata Kanuni zake neno kwa neno, ana sababu ya kuomba rehema hata kwa mvuto wenyewe. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliochipuka Gahini nchini Rwanda na kufika Kenya mwaka 1937, uliongeza desturi ya kutembea nuruni, yaani kuungama mbele ya ndugu mara kwa mara hata baada ya kuokoka, na katika hilo uliielewa tabia ya mwelekeo wa dhambi vizuri kuliko wahubiri wanaoahidi kwamba aliyeokoka hashawishiki tena.

Historia ya Eastlands yenyewe ina ushahidi wa kutoa katika mjadala huu. Mitaa mingi ya mwanzo ilijengwa na utawala wa kikoloni kwa hesabu kwamba mfanyakazi Mwafrika ni mwanamume aliye peke yake mjini, ambaye mke na watoto wamebaki mashambani. Kaloleni, uliojengwa katika miaka ya 1940, ulikuwa miongoni mwa michache iliyofikiriwa kwa ajili ya familia. Kwingineko chumba kilipimwa kwa kitanda, na mshahara wa chini ulipimwa kwa mahitaji ya mtu mmoja, mpaka kamati iliyoongozwa na F. W. Carpenter ilipopendekeza mwaka 1954 kwamba mshahara ufikie kiwango cha kuitunza familia. Aliyemhubiria mpangaji wa chumba hicho kwamba uzinzi wake umetokana na udhaifu wa mwili hakusema uongo, kwa kuwa hiari ya mtu haifutwi na ramani ya nyumba. Lakini alimwacha bila lawama aliyeichora ramani hiyo akiwa ofisini, ametulia, hana kiu wala ashiki, akitafuta tu nguvu kazi kwa bei nafuu. Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Sollicitudo rei socialis wa mwaka 1987, aliiita hali ya namna hii miundo ya dhambi, yaani taratibu zilizotokana na dhambi za watu binafsi ambazo baadaye huwarahisishia wengine kutenda uovu.

Ibada za Eastlands hukiri jambo ambalo mimbari husahau. Waumini wa Kanisa la African Israel Nineveh, lililoanzishwa na Zakayo Kivuli magharibi mwa Kenya mwaka 1942, huandamana wakiwa wamevaa mavazi meupe, wakipiga ngoma na kubeba bendera, na huungama dhambi kwa kinywa mbele ya watu: miguu, koo na mikono vinasali. Vivyo hivyo familia yenye kipato kidogo hufanya mchango ili kusafirisha maiti hadi nyumbani, gharama ambayo isingekuwa na maana kama mwili ungekuwa ganda lililotupwa. Upande wa pili wa njia ni Shakahola, katika kaunti ya Kilifi, ambako waumini wanadaiwa kufundishwa kufunga mpaka kufa ili wakutane na Kristo. Kuanzia mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa huko, na uchunguzi wa serikali ukaonyesha kwamba wengi waliuawa na njaa. Si haki kuwabebesha wahubiri wa Nairobi kosa hilo, ila dharau ya mwili ni fundisho lenye madaraja, na anayelianza hajui litakapokomea.

Wahubiri wa Eastlands wana wajibu wa kuisoma orodha ya Paulo yote, hadi kwenye fitina na faraka, ingawa hilo ni gumu katika kanisa ambalo lenyewe lilizaliwa kwa faraka na limesimama juu ya kiwanja cha umma kilichonyakuliwa.