UFUKO USIO NA CHOO WALA BOMBA: JE, TWENDE?



Katika toleo hili tunapenda kutafakari pamoja nanyi swali lililozuka kanisani mwetu wakati wa kiangazi. Idara ya vijana iliomba ruhusa ya kushuka mteremko na kukaa siku moja kwenye ufuko wa Ziwa Albert, mahali palipo mbali na mialo ya wavuvi. Pale hakuna choo, hakuna bomba, hakuna duka, na kivuli ni cha miti michache tu. Walitaka kuomba, kuimba, kuchoma samaki, na kurudi kabla ya giza. Ombi lilikuwa dogo, lakini lilipoletwa mbele ya wazee lilizua maneno mengi. Tukaona kwamba ndani yake limo jambo linalotuhusu sote.

Waliokataa walitoa sababu tatu, na hakuna hata moja ya kuchekwa.

Ya kwanza ni maombolezo. Tarehe 22 Machi 2014, mashua iliyojaa ndugu zetu waliokuwa wakirudi Kongo kutoka makazi haya ya Kyangwali ilizama katika ziwa hilo. Waliokufa walizidi 200, na watoto walikuwa wengi kati yao. Tena mwanzoni mwa mwaka 2018, vita vya Ituri vilipowasukuma maelfu ya watu majini, wengi wetu tulifikia Sebagoro tukiwa tumelowa, hatuna kitu mkononi, na wengine hatukufika na wote tuliopanda nao. Mama mmoja aliuliza katika kikao: “Mtacheza ngoma juu ya kaburi?”

Ya pili ni gharama. Mgao ulipunguzwa mwaka 2020, na tena katika miaka iliyofuata. Je, ni haki kutumia unga na fedha kwa safari ya kufurahi wakati jirani anakula mara moja kwa siku?

Ya tatu ni mahali penyewe. Mzee mmoja alisema: “Sisi tulilala porini bila choo kwa sababu ya risasi. Nani mwenye akili anakwenda huko kwa kupenda?”

Tuanze na maombolezo. Wako waliotukumbusha wimbo wa Israeli kando ya bahari katika Kutoka 15. Lakini tuseme kweli: maiti waliolala ufukoni siku ile walikuwa wa jeshi la Farao. Wafu wetu sisi ni watoto wetu wenyewe, kwa hiyo wimbo ule hautufai moja kwa moja. Zaburi ya 137 iko karibu nasi zaidi, pale watu wa uhamishoni walipoketi kando ya mito wakalia, wakavitundika vinubi vyao. Biblia haikuwakemea kwa sababu hiyo. Kwa hiyo na mama yule asikemewe. Anayeona uchungu akiyatazama maji yale ana ruhusa ya kubaki nyumbani, wala mtu asimwambie kwamba imani yake ni ndogo.

Hata hivyo, ziwa halikumchukia mtu. Vita ndivyo vilivyowaweka watu majini, na mashua ilijazwa kupita kiasi. Mababu wa wengi wetu walivua ng'ambo ile, wakalea watoto kwa samaki wa ziwa hilo hilo. Kijana aliyezaliwa hapa makazini, ambaye amelisikia ziwa katika hadithi za kifo tu, amerithi nusu ya habari. Nasi tunasoma katika Yohana 21 kwamba wanafunzi waliofiwa na kuvunjika moyo walirudi ziwani, na huko huko Bwana aliwakuta. Alikuwa amewasha moto wa makaa ufukoni, na samaki na mkate. Hapakuwa na meza wala nyumba. Basi kuomboleza na kurudi majini vinaweza kukaa pamoja, ikiwa wanaokwenda wanawakumbuka waliokufa, na kuwataja kwa majina katika maombi kabla ya kuimba.

Kuhusu gharama, jibu ni fupi. Safari isichukue chakula cha nyumba yoyote, wala mchango usilazimishwe. Lakini tusiseme kwamba pumziko ni la matajiri. Katika Kumbukumbu la Torati 5, sababu inayotolewa ya kushika siku ya pumziko ni kwamba Israeli walikuwa watumwa Misri. Mtumwa hapangi siku yake. Bwana naye, katika Marko 6, aliwaita mitume waliochoka waende mahali pasipo watu wapumzike kidogo. Maskini anahitaji pumziko hilo kuliko mwingine yeyote.

Sasa tuje kwenye sababu ya tatu, maana hapo ndipo tulipokaa muda mrefu.

Mzee aliuliza nani anakwenda mahali pasipo huduma kwa kupenda. Tuliona kwamba neno hilo, “kwa kupenda”, ndilo lenye uzito. Mwaka 2018 hakuna aliyechagua. Watu walitupwa ufukoni na maji, wakajisaidia walipoweza, wakanywa walichokikuta. Mwezi wa Februari mwaka ule kipindupindu kikaingia, kikaua watu wetu. Hatuwezi kumhesabia hatia mama aliyekuwa na mtoto mgongoni na hana hata jembe la kuchimba shimo. Lakini anayeshuka leo akiwa na siku nzima ya kujiandaa si kama yule aliyefika akikimbia. Huyu amechagua. Na pale uchaguzi unaporudi, wajibu nao hurudi pamoja nao. Tendo lile lile ambalo kwa mkimbizi wa usiku ule lilikuwa msiba, kwa mgeni wa matembezi linakuwa dhambi juu ya jirani.

Tunasema jirani kwa makusudi. Sisi tunauita ufuko ule pori kwa sababu hatukuona nyumba. Lakini hatua chache mbele yupo mvuvi anayeanika nyavu zake, na mama anayezamisha jerikani yake ziwani ili watoto wapate maji ya kunywa. Mahali ambapo kwako ni pori, kwa mwenzako ni kisima.

Mtu atasema: ziwa lina urefu wa kilomita 160 hivi, uchafu wa kikundi kimoja ni nini? Kipindupindu hakihitaji ziwa zima. Kinahitaji ghuba moja ndogo na jerikani moja. Tena mtu anaweza kubeba vijidudu vyake bila kuumwa hata kidogo, akavipeleka majini pamoja na choo chake bila kujua. Kichocho cha tumbo, ambacho kimeenea sana kando ya Ziwa Albert, hufuata njia kama hiyo: kinyesi huingia majini, vijidudu hukua ndani ya konokono, kisha hupenya ngozi ya anayeoga au anayeteka. Kwa hiyo vijana wakiyachafua maji, wanamchafua mwenzao. Na wakioga kwa muda mrefu penye majani na konokono, wanajitia hatarini wenyewe.

Mungu hakuliona jambo hili kuwa dogo. Katika Kumbukumbu la Torati 23, Israeli walikuwa kambini, hawana vyoo vya kujengwa. Walipewa agizo: mtu atoke nje ya kambi, awe na kitu cha kuchimbia, achimbe, afukie. Na sababu iliyotolewa ni kwamba Bwana hutembea katikati ya kambi yao. Tafakarini, wapendwa. Mungu aliyetoa amri kumi pale Sinai aliona vema kusema pia habari ya shimo na jembe. Anayedhani usafi ni kazi ya shirika tu, na sala ndiyo kazi ya kanisa, hajaisoma sura hiyo.

Hapa ndipo tulipogusa jambo linalotuuma. Makazini tumezoea kuhudumiwa. Bomba liliwekwa na wengine, choo kilichorwa na wengine, tanki likikauka tunamngoja mwenye gari. Hatusemi haya kwa kulaumu. Tulifika hatuna kitu, na tunamshukuru Mungu kwa kila mkono uliotusaidia. Lakini miaka ikiwa mingi, huduma huanza kutufikiria mahali petu. Tunatupa kavera njiani tukisema wapo wa kufagia. Sasa mpeleke mtu huyo mahali pasipo bomba, pasipo mfagiaji, pasipo askari wa kumwona. Yote aliyokuwa akifanyiwa na wengine yatabaki juu yake. Hapo ndipo itajulikana kama bado ni mtu wa kutumika, au amekuwa mtu wa kutumikiwa tu.

Mtume Paulo alikuwa mfungwa. Merikebu ilivunjika, watu 276 wakafika ufukoni Malta wakitetemeka kwa mvua na baridi. Wenyeji wakawasha moto. Matendo 28 inatuambia kwamba Paulo mwenyewe alikusanya mzigo wa kuni akauweka motoni. Alikuwa na sababu zote za kuketi na kungoja: amefungwa, amelowa, ni mgeni. Naye akaokota kuni. Hakuna mtu anayeweza kumnyima mkimbizi heshima ya namna hiyo, maana hakuna aliyempa.

Na katika Yohana 6, baada ya maelfu kula mahali pasipo mji, Bwana aliagiza vipande vilivyobaki vikusanywe, kisipotee kitu. Aliyeweza kuongeza mikate hakuona ni aibu kukusanya mabaki.

Basi wazee na vijana tulikubaliana hivi. Safari ni halali, lakini kwa masharti. Kila kikundi kibebe jembe, na shimo lichimbwe mbali na maji, si chini ya mita 30, kisha lifukiwe. Maji ya kunywa yachemshwe nyumbani na kubebwa. Sabuni iwepo, ila kunawa kufanyike nchi kavu. Kila kavera na kila chupa irudi nasi juu ya mteremko. Mtu asiingie maji ya kina, maana upepo wa ziwa huja ghafla, na mamba na viboko wapo. Wavuvi na wenyeji wasalimiwe kwanza na waombwe ruhusa, kwa kuwa sheria ya Uganda ya mwaka 2006 inatupa nafasi ya kutembea, lakini haitufanyi tuwe wenyeji wa ufuko.

Ufuko wenyewe hautabaki hivyo daima. Kule Buhuka mitambo ya mafuta imekwisha kusimama kando ya maji. Siku moja huenda hapa napo pakajengwa vyoo na mabomba. Hilo likitokea tutashukuru. Lakini heri watoto wetu wawe wamejifunza kabla ya hapo kuchimba shimo na kulifukia pasipo mtu wa kuwaona.

Wazazi, ongeeni na vijana wenu juu ya mambo haya mezani. Na wewe usiyeweza kushuka kwa sababu ya uchungu, tupe majina ya wapendwa wako, nasi tutayataja ufukoni mbele za Mungu.

Bwana anayetembea katikati ya kambi yetu awalinde. Amina.

Mchungaji wenu pamoja na wazee wa kanisa