Je, Mlembe Astahili Ujira?

Twamjua mlembe, yule ndege wa msituni aongozaye watu penye asali. Mgongo wake ni wa kijivu-kahawia, na dume ana mashavu meupe na koo jeusi. Ajua nyuki walipo, lakini hana shoka wala moto. Basi humwita mtu kwa kelele, akiruka mti kwa mti mpaka hapo.

Huko Niassa, Msumbiji, Wayao nao humwita kwa mlio wao maalumu. Uchunguzi uliotolewa mwaka 2016 ulionyesha kwamba aitaye hivyo huongozwa mara 66 katika 100. Apigaye sauti nyingine, mara 33 tu. Wakiisha kurina, humtandikia majani na kumwekea nta. Lakini baadhi ya Wahadzabe wa Tanzania huichoma nta au kuifukia, ili njaa imrudishe ndege kazini.

Pengine mtu atasema, "Ndege huyu afuata tumbo lake tu, tena kinda lake huwaua makinda wenyeji wa kiota alimolelewa. Tuna deni gani kwake?" Hayo ni kweli. Walakini twajibu: hatukumfuata kwa ajili ya wema wa moyo wake, bali kwa kazi yake, na kazi ameitimiza. Angojaye mtenda kazi awe mwema kwanza ndipo amlipe, hatamlipa mtu kamwe. Tumwachie sega lake.