Klipu Moja

Mlango wa dereva wa Peugeot 504 ya marehemu baba haufunguki kwa nje. Tatizo ni klipu ya plastiki, ndogo kama punje ya hindi, inayoshika fimbo ya kitasa ndani ya mlango. Maduka ya spea ya hapa Singida Mjini hayana. Gari hili lilianza kutengenezwa 1968. Wenye maduka wanajaza spea za Toyota.

Fundi wangu alikuwa na jibu. Utemini kuna 504 nyingine, iko juu ya mawe miaka mingi. Mwenyewe yuko mbali, simu yake haipatikani. "Kaka, gari lenyewe limeshakufa. Klipu moja, nani atajua?"

Nilishawishika. Kule haifanyi kazi, huku inahitajika. Lakini uhitaji wangu haunipi umiliki. Tunachora namba za magari kwenye vioo na taa kwa kuogopa wezi. Klipu hakuna anayeichora namba. Ulinzi wake pekee ni dhamiri ya mtu mwenye bisibisi.

Kilichonirudisha nyuma ni uadimu wenyewe. Kioo cha Toyota kikiibwa, mwenyewe atanunua kingine. Mwenye 504 ile akirudi kulifufua gari lake, ataitafuta klipu hiyohiyo katika maduka hayahaya, asiipate. Kadiri kitu kilivyo adimu, ndivyo wizi wake unavyokuwa mzito, hata kiwe kidogo vipi.

Fundi alikunja waya badala yake. Mlango sasa unafunguka, ila kwa kelele.